Kiti cha Baiskeli Kikilegea: Nguvu za Spana Si Dawa

Katika jiji la Nakuru na mashamba yaliyolizunguka, baiskeli nzito za chuma za namna ya zamani zingali zikifanya kazi kila siku, ijapokuwa pikipiki zimeenea kila mahali. Huonekana alfajiri zikibeba mitungi ya maziwa kutoka upande wa Bahati, magunia ya mboga kutoka Njoro, na wafanyakazi waendao zamu zao huko Naivasha. Watu wengi huziita Black Mamba kwa sababu ya weusi wake na urefu wake. Baadhi yake zimepita katika mikono ya watu watatu au wanne, na kila mmoja wao amepata riziki kwayo.

Baiskeli hizo zina ugonjwa mmoja ambao kila azipandaye aujua, nao ni kiti kulegea. Mtu hutoka nyumbani kiti kikiwa juu, na afikapo sokoni magoti yake yakaribia kugusa usukani. Hukaza nati, lakini kesho yake kiti kimezama tena. Hukaza kwa nguvu zaidi, na pengine hutia kipande cha bomba katika mkono wa spana ili apate nguvu kubwa zaidi. Siku ya tatu husikia mlio mdogo, kisha huona kwamba sikio la fremu limekatika. Hivyo fremu iliyodumu miaka 40 huharibika kwa ajili ya bolti moja ambayo ingeweza kubadilishwa kwa muda mfupi.

Jambo la kufahamu kwanza ni hili: kiti kinachoteleza hakitelezi kwa sababu mwenyewe hana nguvu. Huteleza kwa sababu kuna kitu kilichochakaa, kilichochafuka au kisicholingana na mwenzake. Kazi ya mwenye baiskeli ni kukitafuta kitu hicho.

VIBANO NI VIWILI

Baiskeli ya zamani ina mahali pawili panapokishika kiti, na watu wengi huchanganya mahali hapo pawili.

Kibano cha kwanza kiko chini, juu kabisa ya fremu. Hapo ndipo nguzo ya kiti, yaani kile chuma cha mviringo kibebacho kiti, inapoingia katika bomba la fremu. Mdomo wa bomba hilo umepasuliwa kwa nyuma, ukaachwa mwanya mwembamba. Pande mbili za mwanya huo zina masikio yenye matundu, na bolti hupita katikati ya matundu hayo. Nati ikazwapo, masikio hukaribiana, mdomo wa bomba hujifunga, nayo nguzo hubanwa.

Kibano cha pili kiko juu, chini ya kiti chenyewe. Hicho hushika ncha ya juu ya nguzo, tena hushika zile nyaya nene zilizo chini ya kiti. Kina nati mbili, moja kila upande, na vipande vya mviringo vyenye meno madogo yanayoumana.

Kujua ni kibano kipi kilicho kibaya si vigumu. Kiti kikizama chini, au kikigeuka kushoto na kulia pamoja na nguzo yake, ubaya uko katika kibano cha chini. Kiti kikiinamisha pua yake au kikiiinua, ilhali nguzo imetulia, ubaya uko katika kibano cha juu. Na kiti kikigeuka ilhali nguzo haigeuki, ni kibano cha juu vilevile, maana hakishiki ncha ya nguzo.

KWA NINI NGUZO HUTELEZA

Umbo la baiskeli tulijualo leo lilianza Uingereza. Mwaka 1885 John Kemp Starley wa mji wa Coventry alitengeneza baiskeli iliyoitwa Rover, yenye magurudumu mawili yanayokaribia kulingana na mnyororo wa kuzungusha gurudumu la nyuma. Viwanda vingi vilifuata mfano huo. Raleigh ya Nottingham na Hercules ya Birmingham zilipeleka baiskeli zao katika nchi nyingi za Afrika. Baadaye zilikuja zile za Hero kutoka Ludhiana katika nchi ya Bara Hindi, kiwanda kilichoanza kutengeneza baiskeli mwaka 1956, na zile za China. Kwa umbo zafanana kama ndugu, lakini vipimo vyake havifanani siku zote, na hapo ndipo taabu nyingi huanzia.

Nguzo ya kiti haishikwi na msumari wala na kigingi. Hushikwa kwa msuguano tu, yaani chuma kukumbatia chuma. Ili msuguano huo uwe na nguvu, yapasa mambo matatu yawepo: nguzo iwe na unene unaolingana na tundu la bomba, nyuso za vyuma zikutane pande zote, na bolti iweze kuvuta masikio bila kunyooka au kukatika. Moja likikosekana, kiti kitazama.

Sababu ya kwanza, nayo hutokea mara nyingi, ni nguzo nyembamba kuliko bomba lake. Baiskeli nyingi za namna ya Kiingereza hutumia nguzo ya unene wa inchi moja, yaani milimita 25.4. Nguzo ya milimita 25 kamili huingia vizuri, na kwa macho haionekani kuwa na kosa lolote. Lakini bolti ikikazwa, masikio hukutana kabla nguzo haijabanwa. Dalili ya hali hiyo ni moja: mwanya ulio baina ya masikio umefumba. Ukishafumba, hata spana ya urefu wa mita moja haitasaidia, maana masikio yanabanana yenyewe kwa yenyewe wala hayaibani nguzo.

Watu wengine hujaribu kutumia bomba la maji mahali pa nguzo iliyopotea. Inafaa wajue kwamba bomba la maji huitwa kwa jina lisilo kipimo chake cha nje. Bomba liitwalo la nusu inchi lina unene wa nje wa milimita 21.3, na lile la robo tatu lina milimita 26.9. La kwanza ni jembamba mno kwa fremu, tena ni jembamba hata kwa kibano cha juu, ambacho kwa kawaida kimefanywa kushika ncha ya milimita 22.2. La pili ni nene mno kwa fremu, na atakayelipiga nyundo liingie atapasua mdomo wa bomba la kiti.

Sababu ya pili ni bolti yenyewe. Bolti nyingi za kizamani za Kiingereza zina unene wa sehemu 5 za inchi iliyogawanywa kwa 16, ambayo ni karibu milimita 7.9. Bolti za siku hizi ni za milimita 8. Kwa macho ni kitu kimoja, lakini meno ya hesi zake hayalingani. Nati ya moja ikilazimishwa katika nyingine hukata meno, na baada ya siku chache huzunguka bure. Kwa hiyo bolti na nati hubadilishwa pamoja, wala haifai kubadili kimoja tu.

Sababu ya tatu ni vumbi na mafuta. Inasemekana kuwa jina la Nakuru latokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi, na kila aliyepita huko wakati wa kiangazi hatakataa. Udongo wa nchi hiyo umechanganyika na majivu ya volkano yaliyotoka zamani katika milima kama Menengai. Chembe zake ni ndogo na ni kali. Huingia katika mwanya wa fremu, huchanganyika na mafuta, na kila baiskeli itikiswapo na mashimo ya barabara hulila chuma kama tupa nyembamba. Baada ya miaka mingi nguzo huwa imeliwa mahali ilipobanwa, na ukiipitisha vidole waweza kuuhisi mfereji.

Sababu ya nne ni kutu. Mvua za masika, tangu Machi hata Mei, hupenya katika mwanya ule ule na kushuka ndani ya bomba. Kutu ikisimama juu ya chuma huwa kama ganda. Nguzo huonekana imebanwa sana, kumbe limebanwa ganda tu, nalo likivunjika kiti huanguka ghafula. Aliye na mzigo nyuma huku akiteremka kuelekea Subukia hatapata nafasi ya kushangaa.

KAZI YENYEWE

Vifaa vinavyotakiwa ni vichache: spana mbili zinazolingana na nati, kitambaa, mafuta ya taa kidogo, msasa mwembamba na brashi ya waya. Kwa baiskeli nyingi za siku za karibuni spana ya namba 13 au 14 hutosha.

Kwanza, kabla ya kufungua kitu chochote, nguzo itiwe alama mahali inapotokeza katika fremu. Alama iwe ya rangi, wala isiwe ya kukwaruza kwa msumeno au tupa, kwa sababu mkwaruzo juu ya chuma kinachobeba uzito waweza kuwa mwanzo wa ufa.

Pili, bolti ifunguliwe na kutolewa kabisa. Hapa yataka uangalifu. Katika baadhi ya baiskeli za zamani, bolti hiyo hiyo hupita pia katika ncha za vile vyuma viwili vyembamba vinavyoteremka mpaka kwenye ekseli ya nyuma. Bolti itokapo, vyuma hivyo huachia, na baiskeli ikiachwa isimame peke yake yaweza kujikunja. Afadhali ilazwe chini au ishikwe na mtu wa pili. Baiskeli ya namna hiyo yahitaji bolti ndefu ya kiasi chake, wala fupi ya kuokota haifai.

Tatu, nguzo itolewe kwa kuizungusha huku na huku, si kwa kuipiga nyundo. Ikikataa, mafuta mepesi yatiwe katika mwanya na kuachwa usiku mzima. Itokapo ipanguswe kwa mafuta ya taa, kutu isuguliwe kwa msasa, na ndani ya bomba pasafishwe kwa kitambaa kilichofungwa katika kijiti. Mara nyingi kazi hiyo peke yake huponya ugonjwa.

Nne, bolti itazamwe katika mwanga. Ikiwa meno yake yamelala, au shingo yake imekuwa nyembamba katikati kama iliyovutwa, itupwe. Bolti mpya inayofaa ni ya chuma kigumu, na aghalabu huwa na tarakimu 8.8 juu ya kichwa chake. Zile zenye 4.6 au 4.8 ni laini zaidi, hunyooka upesi. Bolti nyingi za asili zina kijino kidogo chini ya kichwa, ambacho huingia katika tundu la sikio ili kichwa kisizunguke. Kijino hicho kikae mahali pake.

Tano, kama nguzo ni nyembamba na nyingine ya kipimo chake haipatikani, yaweza kuvikwa bati. Hesabu yake ni nyepesi. Chukua kipimo cha bomba, toa kipimo cha nguzo, kisha gawanya kwa mbili. Kwa mfano, 25.4 kutoa 25 ni 0.4, na nusu yake ni 0.2. Basi bati la unene wa milimita 0.2 latosha kuizunguka nguzo mara moja. Bati la kopo la soda lina unene wa milimita 0.1 hivi, kwa hiyo lizungushwe mara mbili. Likatwe kwa mkasi, kingo zake zisuguliwe zisikate mikono, nalo liwe refu kupita kina cha mwanya. Ncha yake ya juu ikunjwe nje kidogo, lisije likazama ndani ya bomba. Bati la soda ni laini na huchakaa, kwa hiyo litazamwe baada ya miezi michache. Karatasi nyembamba ya chuma au ya shaba hudumu zaidi.

Kuna watu wanaotia kipande cha tyubu ya mpira mahali pa bati. Hilo si jema. Mpira hujikunja na kunyumbuka, na kiti hucheza daima. Hata hivyo, kipande hicho cha tyubu kina kazi yake nzuri nje: kikivikwa juu ya nguzo na kushushwa hata kifunike mdomo wa fremu na mwanya wake, huzuia vumbi na maji yasiingie.

Sita, nguzo irudishwe. Ndani ipakwe mafuta machache sana, kiasi cha kuzuia kutu tu. Yakizidi, nguzo itateleza. Kisha bolti ikazwe kwa spana ya kawaida, kwa nguvu za mkono mmoja. Mwanya lazima ubaki wazi baada ya kukaza. Kama umefumba, kazi haijaisha, na yapasa kurudi katika hesabu ya bati.

KUUTAFUTA UFA

Kabla ya kuifunga baiskeli iliyokwisha kukazwa sana zamani, masikio yachunguzwe. Ufa mdogo hauonekani kwa macho, lakini iko njia iliyotumika zamani katika karakana za reli kuchunguza ekseli za mabehewa, na kila mtu aweza kuifanya nyumbani. Chuma hupakwa mafuta ya taa, huachwa kwa dakika chache, kisha hupanguswa mpaka kikauke. Halafu hupakwa unga wa chaki. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yake hutoka polepole na kuchora mstari mweusi juu ya weupe wa chaki.

Mstari huo ukionekana kwenye mzizi wa sikio au mwisho wa mwanya, baiskeli isipandwe. Ipelekwe kwa fundi anayejua kulehemu kwa shaba, maana viungo vya fremu nyingi za zamani viliunganishwa hivyo. Moto mkali wa umeme katika mikono isiyozoea hutoboa bomba jembamba, na fundi mwenye haraka huweza kuyaunganisha masikio mawili yakawa kitu kimoja. Tangu hapo kiti hakipandi wala hakishuki. Mwenye baiskeli ana haki ya kumuuliza fundi atatumia njia gani kabla ya kumpa kazi.

KIBANO CHA JUU

Hiki ni rahisi zaidi. Nati zake mbili zifunguliwe, vipande vitolewe kwa mpango na kuwekwa chini kama vilivyofuatana, na meno yake yasuguliwe kwa brashi ya waya. Meno yakiwa makali bado, kibano kitashika. Yakiwa yamekuwa laini kama kucha, kibano kipya kinunuliwe, kwa kuwa hakuna kukaza kutakakorudisha meno. Katika kufunga, nati zikazwe kwa zamu, kidogo huku na kidogo huku, ili kiti kisivutwe upande mmoja. Kiti kiwe sawa kama meza. Pua ikiinama, mikono hubeba uzito wote, ikiinuka, huumiza.

UREFU UFAAO

Ikiwa nguzo imetengenezwa, ni vyema kiti kiwekwe kwa urefu unaomfaa mpandaji. Akae kitini, aegemee ukuta, aweke kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa. Mguu ukiwa umenyooka, urefu ni mwema, maana atakapokanyaga kwa sehemu ya mbele ya wayo goti litakunjwa kidogo tu. Kiti kilichozama huyakunja magoti mno, na aendaye kilomita nyingi kila siku hulipa deni hilo kwa maumivu.

Lakini nguzo isiinuliwe kupita kiasi. Sehemu iliyo ndani ya fremu isipungue sentimita 6 na nusu, tena iteremke kupita mahali ambapo bomba la juu la fremu linaungana na bomba la kiti. Ikiwa fupi kuliko hivyo, uzito wote huangukia mdomo wa bomba, nao hupasuka. Mtu mrefu anunue nguzo ndefu.

Baiskeli inayotumiwa na watu wawili, kama baba na mwanawe, au zile za kukodi ambazo wageni huzipanda katika Mbuga ya Hell's Gate karibu na Naivasha, hufunguliwa na kufungwa mara nyingi, na bolti yake huchakaa upesi. Kila mpandaji awe na alama yake ya rangi juu ya nguzo, ili kazi ya kupima isirudiwe kila asubuhi, na bolti itazamwe kila mwezi.

KUJARIBU

Kazi ikiisha, mtu asimame nyuma ya baiskeli, alibane gurudumu la nyuma kwa magoti, ashike kiti kwa mikono miwili na kujaribu kukizungusha. Kisha apande mwendo wa kilomita moja katika njia yenye mashimo, bila mzigo na bila abiria, na atazame alama ya rangi. Ikiwa imebaki mahali pake, kiti kimepona. Ikiwa imezama hata milimita chache, asikaze tena. Afungue atazame ni sababu ipi miongoni mwa zile nne iliyomponyoka.

Katika Section 58, iliyo kando ya barabara kuu iendayo Nairobi, kama katika mitaa mingine ya Nakuru, mafundi wa baiskeli hufanya kazi hii kando ya njia, na wengi wao wanaijua vizuri. Lakini fundi huiona baiskeli siku iliyokwisha kuharibika, na mwenyewe huiona kila siku. Kiti kinachozama kidogo leo ni habari iliyoletwa mapema, nayo yafaa isikilizwe ikiwa bado ni kazi ya bolti moja na kipande cha bati. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na kwa mchukuzi wa maziwa, ukuta huo ni fremu nzima, pamoja na siku za kazi atakazozipoteza akiitafuta nyingine.